Pua ya Kuazima na Doa la Paa la Faiba

Mkiniona nimekaa barazani Makorora tangu asubuhi, glovu zangu zimetundikwa msumarini kama popo wawili, msije mkadhani kazi ilinishinda. Kazi haijawahi kunishinda mimi. Nina miaka hamsini na sita, mikono haitetemeki, gazeti nasoma bila miwani, japo nasoma kwa kituo maana darasa la nne nililiacha katikati. Nimejistaafisha mwenyewe. Hapakuwa na barua, hapakuwa na keki wala mkono wa kwaheri. Nilifunga banda pale Ngamiani, nikaweka ufunguo mfukoni, nikaenda zangu nyumbani kula kiporo.

Nyinyi vijana mnaokuja hapa na picha kwenye simu kuniuliza doa hili latolewaje, mmekuwa mkiondoka na nusu ya habari. Nawapa dawa, siwapi kisa. Leo nawaandikia vyote viwili, maana nimechoka kuitwa bingwa na watu wasiojua kwamba neno langu moja, nililolisema kwa majivuno mbele ya gari la zamani, lilimvunjia marehemu wa watu heshima kwa mkewe. Na marehemu hana kinywa cha kujitetea.

Sifa kwanza, halafu aibu.

Tanga hii, kuanzia Sahare mpaka Pongwe, hapakuwa na mtu wa kusafisha faiba kunishinda. Sisemi kwa kujivuna. Nasema kwa sababu wengine wote niliwaona wakiharibu. Magari ya bati yana mafundi wake, wamejaa kila kona. Lakini yale magari ya zamani yenye boneti ya faiba, au bampa, au mwili mzima wa faiba, yale yaliyoachwa na mameneja wa mkonge na watu wa mashindano, ambayo wenyewe wanayafunika shuka kama mgonjwa, hayo yaliletwa kwangu. Kuna moja lilikuja juu ya lori kutoka Moshi. Juu ya lori! Mwenyewe aliogopa lisichafuke njiani.

Faiba si bati. Bati likishindikana unapiga msasa, unapaka rangi, unasahau. Faiba ina ngozi ya juu ambayo sisi tunaiita jeli, nyembamba kama ganda la yai, na ngozi hiyo ina vinyweleo. Jua la hapa likiipiga miaka, vinyweleo vinafunguka, na kila kinachodondoka juu yake kinaingia ndani na kupanga chumba. Kwa hiyo mtu anayeona doa na kukimbilia kusugua, huyo namwonea huruma. Anasugua mlango, mpangaji yuko ndani.

Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa kusugua. Aliyenifundisha, marehemu Fundi Mbwana, alikuwa akitengeneza matangi ya maji na maboti ya faiba karibu na bandari. Mfupi, mkali, hana meno ya mbele, akikutukana unapata maneno na upepo pamoja. Siku ya tatu kwake alinipa boneti nyeupe ya gari la mashindano, akasema nitoe ukoko wa mafuta kwa kitambaa. Mimi nikaona kitambaa kinanichelewesha. Nikachukua steeli waya ya kusugulia masufuria. Wallahi boneti iling'aa! Nikaiacha uani, nikaenda nyumbani najisifu njia nzima.

Asubuhi nakuta boneti ina surua. Vidoti vyekundu, kutoka ncha hii hadi ile.

Fundi Mbwana akaiangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Rajabu, umeipaka nini hii?"

"Sijapaka kitu, fundi. Nimesugua tu."

"Kwa nini?"

"Ili iwe safi."

"Si kwa sababu gani, wewe! Umesugua kwa kitu gani?"

Nikamwonyesha.

"Ahaa. Umepanda kutu. Sasa ivune."

Niliivuna siku tatu, doti moja moja, kwa ndimu, chumvi na mswaki wa meno. Vile vipande vidogo vya waya huwa vinakatika na kujichoma kwenye jeli, halafu hewa ya bahari inavikuta. Tangu siku hiyo chuma hakijagusa faiba yangu. Anzeni na sabuni laini na maji vuguvugu, kivulini, kamwe msifanye juani. Ikikataa, spiriti kwenye kitambaa cheupe, ili muone kinachotoka kina rangi gani. Ikikataa, ndipo ndimu, au ule unga wa kuondolea kutu wa duka la rangi, ambao ni sumu, kwa hiyo vaeni glovu na msiuache ukakauka. Dawa ya kufulia nguo nyeupe msiiguse kabisa. Inawapa weupe wa leo na unjano wa mwezi ujao. Msasa wa maji ni wa mwisho, ule laini kuliko wote, mkono mwepesi kama unapangusa machozi ya mtoto. Kisha nta, la sivyo mmefungua vinyweleo mkaviacha wazi. Na kila dawa ijaribuni kwanza mahali pasipoonekana. Thina, ile ya kuyeyushia rangi, muiogope. Nitarudi kwenye thina.

Sasa, kilichonipa jina si mikono. Ni pua. Watu wa Ngamiani waliniita Fundi Pua, na jina hilo nililipenda kuliko la baba yangu. Nilikuwa na utaratibu wangu ambao hakuna aliyenifundisha. Nachovya kitambaa kwenye maji ya moto, nakikamua, nakilaza juu ya doa kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Joto linalitoa doa jasho. Kisha nakinyanyua kitambaa, nakinusa, nakwambia. Mafuta ya breki, utomvu, mavi ya popo, chochote. Mtu mmoja wa Muheza aliniletea boneti ina mabaka meusi, akaapa kwamba fundi wake alimwaga oili chafu. Nikanusa. Nikamwambia, "Yakhe, muache fundi wa watu. Gari lako hulala chini ya mkorosho." Yalikuwa mabibo yamedondoka na kuchacha pale pale. Angemwaga petroli yote ya Muheza, yasingetoka. Doa la bibo lataka ule unga wa kutu, si mafuta. Yule bwana alinitangaza mpaka Korogwe.

Basi pua ile ilikufa.

Haikufa siku moja. Ilikuwa ikipungua kama kandili linaloishiwa mafuta, nami sina habari. Miaka nilivuta thina, spiriti na vumbi la faiba bila kufunga hata leso, maana niliona leso ni ya mafundi waoga. Siku moja niko nyumbani peke yangu, maharage jikoni, mimi natengeneza redio. Majirani wakavunja mlango. Chumba kizima moshi, sufuria jeusi kama lami, na mimi nimekaa hatua nne kutoka hapo nageuza vifundo vya redio. Mmoja akanipiga kibao, alidhani nimezimia.

Mke wangu Mwanamvua aliporudi aliwasikiliza majirani, akawashukuru, akafunga mlango. Akachukua kipande cha kitunguu, akanisogezea.

"Baba Asha, fumba macho. Hii nini?"

"Unanichezea."

"Nini?"

Nikakisia. "Sabuni."

Hakucheka. Alikirudisha kitunguu kwenye ungo, akaanza kusugua lile sufuria, akasema bila kunitazama, "Kesho nitakuletea chakula bandani. Na keshokutwa. Niambie tu saa ngapi wateja huja."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alikuja na kikapu chake adhuhuri, mimi namwambia mbele ya mteja, "Mama Asha, hebu shika kitambaa hiki nifunge kopo la spiriti." Anakishika, anakipitisha karibu na uso kama anajifuta jasho, anakirudisha. Tulikuwa na alama zetu. Akinirekebishia kola, mafuta. Akijifunga kanga upya, utomvu. Akiniambia "chakula kitapoa," ujue hajui, nisubirishe mteja mpaka kesho. Nami natoa kifua mbele natangaza jibu kana kwamba limetoka kwangu. Watu wanapiga makofi. Yeye anaokota kikapu anaenda zake. Miaka sita alinifanyia hivyo, na hakumwambia hata binti yetu. Asha mpaka leo yuko Mwanza akijisifia pua ya baba yake.

Mwanamvua alikufa kwa homa ya siku nne. Ni mwaka wa tatu sasa.

Mtu mwenye akili angefunga banda wiki ile ile. Mimi nikaendelea. Nikilaza kitambaa, nikinyanyua, nikinusa hewa tupu, nikikisia kwa macho. Macho yangu ni mazuri, mara nyingi nilipatia. Nilipokosea, nilimlaumu mwenye gari. Jioni narudi, napika wali wa kikombe kimoja, nakaa karibu na jiko mpaka uive kwa sababu sina wa kunipigia kelele ukiungua. Maziwa nayajua yameharibika yakishafika tumboni.

Ndipo likaja gari la Bi Time.

Bi Time ni mjane wa Chumbageni, Mpemba, mama mtu mzima, mdogo wa umbo lakini akikuitikia shikamoo unasimama wima. Mumewe, Mzee Faki, aliyekuwa akifanya biashara ya karafuu, alinunua zamani gari la milango miwili kwa meneja wa mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Mwili mzima faiba, rangi ya maziwa, na paa linalovuliwa kama kofia. Mzee Faki alifariki, gari likakaa bandani, sasa mtoto wao mmoja anaoa, na Bi Time anataka bwana harusi apande gari la baba yake. Nje lilikuwa na mambo madogo. Ndani ya paa, kwenye faiba tupu isiyopakwa rangi, kulikuwa na doa la kahawia kubwa, kama chai iliyomwagika juu badala ya chini.

Alikuja mwenyewe na dereva. Akasimama bandani, mikono ndani ya kanga.

"Nasikia wewe hunusa, mwanangu."

"Umesikia kweli, Bi Time."

Nikafanya maonyesho yangu yote. Maji ya moto, kitambaa, kahawa. Nikanyanyua, nikanusa kwa kishindo, nikafumba macho. Kahawia, ndani ya gari, juu ya vichwa vya watu. Nikasema, "Sigara."

"Sigara?"

"Moshi wa sigara, mama."

"Una hakika?"

"Pua hii haijawahi kusema uongo."

Na kweli haikusema. Aliyesema ni mimi.

Akauliza tena, taratibu, "Ya siku za mwanzo mwanzo, ama?"

Hapo ningeweza kusema sijui. Lakini dereva alikuwa akinitazama kwa mshangao mtamu, na mimi mshangao wa watu ndio chakula kilichobaki nyumbani kwangu. Nikasema, "Ya miaka yote. Aliyeendesha gari hili alivuta mpaka mwisho."

Bi Time akajitanda kanga yake, akaniaga vizuri, akaondoka. Mimi nikaanza kazi napiga mluzi.

Vijana, sikilizeni. Doa huwa linajieleza, mkiwa na adabu ya kulitazama kabla ya kulipa jina. Hapa kwetu dereva hukaa kulia. Lile doa lilikuwa limekolea kushoto, juu ya pale abiria anapoweka miguu. Nililiona hilo tangu siku ya kwanza, nikalipuuza, kwa sababu nilikwisha tamka. Sabuni ikakataa. Nikaweka spiriti kwenye kitambaa, na kitambaa kikarudi na rangi ya asali, kinanata vidole. Moshi wa sigara nimeshausafisha mara nyingi, ni mchafu na una mafuta, lakini haunati hivyo. Huu ulikuwa na sukari. Nikanyanyua zulia la upande wa kushoto. Chini yake, kwenye faiba, alama za duara, moja juu ya nyingine, kama mahali panapowekwa chombo cha moto kila mara. Na katika kona, punje nyeusi ndogo.

Nikatoka nayo kiganjani hadi kwa muuza kahawa wa pembeni, Bakari, tumejuana tangu ujana.

"Bakari, hebu ninusie hii."

"Wewe? Unaniomba mimi pua?"

"Nina mafua. Nusa."

Akanusa. Akatabasamu mpaka magego yakaonekana. "Udi huu, bwana. Wataka kuoa?"

Udi. Udi wetu wa kupikwa na sukari, unaowekwa juu ya kaa la moto kwenye chetezo. Kuna mtu alikuwa akilifukiza gari kama watu wanavyofukiza nguo. Nikarudi bandani nikakaa juu ya ndoo. Nikajiambia, basi, doa ni doa, nalijua sasa, nitalitoa kwa spiriti, na nani atajua? Nikaendelea siku ile na siku ya pili. Nilitoa nusu ya paa ikawa kama yai. Niwaambie ukweli, nilikuwa na furaha.

Siku ya tatu nilihitaji kumuuliza mwenyewe kuhusu raba za madirisha, nikaenda Chumbageni asubuhi. Uani nikakuta masufuria makubwa mawili, wali na nyama, na mkeka umetandikwa. Bi Time na shoga yake Bi Riziki, mama mnene mwenye sauti kama spika ya msikiti, wanapika.

"Shikamooni. Kuna shughuli?"

"Marahaba," akasema Bi Time. Macho mekundu, nikadhani ni moshi wa kuni. "Nalisha masikini kumi. Kafara ya marehemu."

"Kafara ya nini, mama?"

"Ya kiapo. Faki alikuwa mvutaji. Mtoto wetu wa kwanza alipougua kifua, alinishikia msahafu akaapa hatatia tena sigara mdomoni. Miaka thelathini na tano nimemsifu kwa watu kwa kiapo kile. Kumbe akivuta garini." Akageuza wali. "Hakuniambia hata siku ya kufa. Basi simuachi na deni la kiapo kaburini. Lakini moyo wangu, mwanangu, sijui niuweke wapi."

Nikasogea hadi kwenye sufuria.

"Bi Time, simamisha kwanza."

"Nisimamishe nini, na wali ushakaukia?"

"Lile doa si la sigara. Ni la udi."

Alinitazama kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza. "Usinifariji."

"Sikufariji, mama. Ni udi, umenata, nimeuona kwa spiriti."

"Ulinusa mbele yangu. Ukasema sigara, tena mpaka mwisho. Pua yako Tanga nzima yaijua. Leo umeniona nalia, ndiyo pua imebadilika?"

Hapo nikajua kwamba hakuna ushahidi utakaonisaidia. Ningeleta kitambaa, ningeleta punje, ningemleta Bakari. Kila sifa niliyojipamba nayo miaka yote ilikuwa imesimama mlangoni inanizuia kupita. Kulikuwa na neno moja tu la kuiondoa, na neno hilo sikuwahi kumwambia mtu isipokuwa mmoja, naye amelala Msambweni chini ya mchanga.

"Sina pua, Bi Time."

"Nini?"

"Sisikii harufu. Yoyote. Mwaka wa tisa huu. Nilikuwa nikinusiwa na mke wangu. Alipokufa nikawa nakisia. Na kwako nilikisia."

Bi Riziki akaweka mwiko chini. "Fundi Pua hana pua? Makubwa haya!"

Bi Time akaingia ndani, akatoka na mkono nyuma. "Fumba macho." Nikafumba. Nikahisi kitu karibu kabisa na mdomo. "Hii nini?"

Nilivuta pumzi kwa nguvu zote. Hewa. Nikawaza, mama wa kistaarabu, nyumba ya heshima. "Asumini?"

Wa kwanza kupasuka kicheko alikuwa Bi Riziki. Nilipofumbua macho naona ng'onda, papa mkavu wa chumvi, kipande kikubwa kama soli ya kiatu, kimening'inia chini ya pua yangu. Bi Riziki alikuwa amejishika ubavu. "Asumini! Aka! Ichumeni, ichumeni mfunge kikuba cha maua!" Na Bi Time naye akaanza, kidogo kidogo, akakaa kwenye mkeka, akacheka huku anajifuta kwa kanga, na mwisho wa kicheko ulikuwa kilio, lakini si kilio kile cha mwanzo.

"Ni mimi," akasema alipopata pumzi. "Ni mimi, Riziki. Faki alikuwa akienda Kigombe akirudi na samaki kiti cha nyuma, nikigomba, haachi. Kila Alhamisi alasiri nikiweka chetezo pale chini miguuni, nafunga vioo. Mimi nimelitia doa mwenyewe. Ni udi wangu." Akanigeukia. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Mimi siulizi wateja, mama."

"Sasa utauliza."

"Sasa nitauliza."

Masikini kumi walikula. Bi Time alisema chakula kilichokwisha pikwa hakirudi ndani, kiwe sadaka, na aliwaambia mmoja mmoja wamuombee Faki, aliyetimiza kiapo chake. Nami nilikula, wa kumi na moja. Kufika alasiri Ngamiani yote ilikuwa inaniita Fundi Asumini.

Nililimaliza paa lote. Nilidhani atataka nimwachie kona kidogo ya ukumbusho, watu hupenda mambo hayo. Akaniambia, "Nikumbuke moshi kwa nini? Toa lote. Nitalifukiza upya." Nikamshauri aache vioo wazi kidogo, na baadaye apanguse paa kwa spiriti. Akasema atafanya anavyojua. Siku ya kulikabidhi aliweka chetezo pale pale kwenye duara lake, tukaketi wote wawili ndani, yeye kulia nyuma ya usukani ingawa hajui kuendesha, mimi kushoto. Moshi ukapanda. Macho yakaniwasha.

"Waisikia?"

Kwa mara ya kwanza nilijibu nilivyopaswa. "Siisikii, mama."

Akatikisa kichwa. Hakunieleza ikoje. Tulikaa mpaka kaa likazima.

Baada ya wiki nilirudi kwake. Sikuwa na kazi. Nilikuwa na mfuko wa plastiki niliofunga fundo, ndani yake kanga ya Mwanamvua, ile iliyokuwa juu ya kiti alipokwenda hospitali. Niliiweka kabatini bila kuifua. Miaka mitatu nilikuwa nikiifungua, naiweka usoni, naifunga. Sikujua kama kuna kitu ndani au natunza kitambaa tu. Na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

"Ninusie," nikamwambia.

Bi Time hakuuliza ni ya nani. Akaishika kwa mikono miwili, akaifunika uso. Akakaa hivyo mpaka nikaogopa.

"Karafuu," akasema. "Kidogo, kwenye pindo."

"Aliweka kabatini, kwa ajili ya mende."

"Na sabuni ya mche."

"Ndiyo."

Akanusa tena, akakunja uso. "Na thina."

"Thina?"

"Thina, mwanangu. Imeingia mpaka kwenye nyuzi. Huyu mkeo alikuwa akinuka wewe."

Nilifunga fundo, nikatembea kwa miguu mpaka Makorora. Kesho yake nikafunga banda.

Basi sasa mnajua. Fungeni pua na mdomo mnapofanya kazi, tena vizuri. Hizo barakoa si za waoga. Msitaje doa kabla hamjauliza gari lililala wapi na nani alilipenda. Na mnapokuja hapa kuniuliza msiogope, sina shughuli, mlango wangu haufungwi mchana. Leteni kitambaa chenu, mimi nitatazama, nyinyi mtanusa, tutaelewana. Ila mkiingia mkasikia kitu kinaungua jikoni, msione haya. Semeni.